Kabla Hujajifungia Nyamira

Mwanangu Kerubo,

Usicheke mwandiko. Huu ni mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne, akaenda kumalizia masomo barabarani, Kericho, Jinja na Mombasa, na huko hawagawi vyeti. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kikisii changu kinajua kusema tu, hakijazoea kukaa kwenye karatasi. Halafu kuna sababu nyingine. Nikikwambia haya kwa mdomo nitaingiza mzaha kabla ya kufika katikati, wewe utacheka, mama yako atasema "mzee ameanza," na maneno yatabaki tumboni mwangu kama yalivyobaki miaka yote hii. Karatasi haicheki. Inanisikiliza tu, maskini.

Mambo ya maji ya kuchemsha, kufuli, jiko la makaa na wanaume wanaojifanya wameokoka, mama yako amekwambia tangu Jumatatu. Hayo naruka. Hata habari ya mashine yako ya kufuma siigusi, maana unaifahamu kuliko mimi, na mimi ni mtu ambaye Mombasa nzima ilikuwa inanitafuta kwa suruali. Basi, si nzima. Upande wa stesheni.

Nataka kukwambia kuhusu leo jioni. Wageni walipokuja kukuaga kwa safari yako ya kesho ya Nyamira, shangazi yako alikuuliza kwa nini umewakataa wale akina mama wawili wa Nyamira wanaofuma sweta katika chumba kimoja nyuma ya soko. Walikuwa wamekuwekea nafasi karibu na dirisha. Ukamjibu, "Hao wanaongea mno, shangazi. Mimi nataka chumba changu na mlango wangu. Naufunga, nafanya kazi." Mimi nikapiga paja langu kwa nguvu, nikawaambia watu wote kwamba hiyo ndiyo damu yangu, kwamba mtoto huyu hakuokotwa. Wakacheka. Pasta akacheka mpaka akakohoa. Mama yako peke yake hakucheka. Alinitazama, akaendelea kumimina chai. Wageni walipoondoka nikatafuta kalamu.

Kwa sababu maneno hayo, Kerubo, si yako. Ni yangu. Niliyasema mimi kwenye veranda ya duka la Mhindi pale Kenyenya, wakati wewe ulikuwa huwezi hata kubeba kibuyu cha maji peke yako. Ni mimi niliyeyaleta katika nyumba hii, na leo nikayapigia paja.

Hebu nikupeleke kwenye ile veranda. Tulikuwa mafundi wawili, mimi na Nyakundi. Unamkumbuka Nyakundi? Yule mrefu wa mlima unaotukabili, aliyekuwa akikuita bibi yake na kukuletea ndizi. Kwa suruali alikuwa fundi mbaya, namwambia hata huko aliko. Mguu mmoja ulikuwa ukitoka mrefu na mwingine unaomba msamaha. Lakini wateja walikuwa wakija kwake, na wengine walikuja bila kitambaa, walikuja na masikio tu. Mtu akipita barabarani, Nyakundi alikuwa amekwisha kumpa jina, amemposea mke na kumtabiria mvua. Mimi nikimkemea kwamba anatuchelewesha. Tuligombana kwa ajili ya mkasi, kwa ajili ya kivuli, kwa ajili ya nani amekalia chaki ya nani. Jioni tunashuka njia pamoja mpaka mtoni, yeye anakwenda kwake, mimi kwangu, na akifika juu anapiga kelele kunitukana kutoka ng'ambo ili mke wake asikie kwamba amefika. Nami namjibu.

Nilidhani hiyo ni kelele. Sikujua kwamba ndicho kitu kilichokuwa kinanishika nisianguke.

Basi ukaja Uhuru, na baada ya Uhuru shule za harambee zikaota kila kilima, na kila shule inataka sare. Nikaona mlango umefunguka. Nikanunua cherehani yangu mwenyewe. Uliza mtu yeyote mwenye mvi kutoka Kenyenya mpaka Nyamache, atakwambia namna cherehani ile ilivyofika nyumbani. Niliipitisha njia ndefu makusudi, imefungwa kwenye baiskeli kama bibi harusi, na mimi nyuma nimevaa tai. Kwa siku hiyo nilikuwa mfalme, sikatai. Nyakundi akaniuliza nitaifanyia kazi wapi. Nikamwambia, "Nyumbani. Nafunga mlango wangu, nafanya kazi. Wewe baki hapa na umbea wako." Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Na huko ndani utamsema nani, fundi? Ukuta?"

Mwanzoni ilikuwa tamu, siwezi kukudanganya. Naamka nikitaka. Hakuna Mhindi wa kuhesabu vifungo vyangu, hakuna Nyakundi wa kuninyang'anya mkasi. Nashona sare za shule nzima kabla fundi mwingine hajamaliza kola. Jina langu likafika Itumbe kwa watu wa majani chai, likafika mpaka kwa maafisa, na kaunda suti ya kwanza iliyovaliwa katika tarafa hii, mikono iliyoishona ni hii inayokuandikia. Majigambo yangu yalikuwa ya kweli siku hizo. Tatizo ni kwamba sikuwa na mtu wa kunijibu.

Unajua miji yetu ilivyokaa. Si kama kule pwani ambako jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani. Kwetu kila mtu ana ukanda wake wa shamba kutoka mgongo wa mlima mpaka mtoni, ana ua wake, ana migomba yake imemzunguka. Mtu akiamua kutoonekana, anaweza kukaa kutoka Sabato hadi Sabato na asionekane na yeyote ila kuku. Nami niliamua bila kujua kwamba nimeamua. Kwanza niliacha kunyoa ndevu, maana nanyoa kwa ajili ya nani? Halafu nikaacha kula mezani, nikawa nakula juu ya kitambaa cha watu. Halafu nikaanza kubishana na redio. Mtangazaji anasema habari ya asubuhi, mimi namwambia asubuhi gani, wewe umelala wapi. Siku moja mama yako alinikuta nimeisimamia suruali ya mwalimu mkuu, naifokea kwa sauti kwamba haina shukrani. Tukacheka sote wawili. Yeye aliacha kucheka kabla yangu.

Na mteja akija? Hapo ndipo utashangaa. Mtu anayekaa peke yake siku nzima ungedhani atamrukia mgeni kwa furaha. Hapana. Nilikuwa namwona mgeni kama mwizi. Anakaa, anauliza habari za watoto, nami naangalia sindano imesimama na moyo unawaka. Upweke hauji na njaa, mwanangu, kama ungekuja na njaa ungetafuta chakula. Unakuja na shibe. Unashiba wewe mwenyewe, na watu wote wanaanza kukuchosha.

Wewe wakati huo ulikuwa unakaa chini ya meza unakusanya vipande vya nguo. Watu husema ulianza kupenda ufundi hapo, nami nimejisifu sana kwa hilo. Lakini ulijifunza na kitu cha pili. Ulijifunza kwamba fundi wa kweli hazungumzi. Siku moja ulinyanyua kichwa ukaniambia, "Tata, sauti ya mashine imekuwa sauti yako." Nikakwambia kaa vizuri usichomwe na sindano.

Sasa nikueleze habari ya egesangio, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea kosa ambalo hata mlevi wa kwetu halikosei. Unajua egesangio, majirani wanaolimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, wanakwenda na majembe yao na midomo yao. Mimi nilikuwa mwanzilishi pamoja na Nyakundi. Kazi ya sare ilipozidi, nikafanya hesabu ya kijinga. Nikasema, jembe ni jembe. Nikamwajiri kibarua kutoka ng'ambo ya mto, mtu mwenye mabega, alime badala yangu kila zamu ikifika kwa wenzangu. Mchango wangu ulikuwa unafika, tena kamili. Hakuna aliyelalamika. Nyakundi peke yake ndiye aliyepita hapa jioni moja akasimama dirishani. "Huyo mtu wako analima kukushinda," akaniambia. "Lakini hajui kusema uongo hata mmoja. Ametuchosha." Nikamwambia nina sare za kidato cha kwanza. Akasimama kidogo pale dirishani. Sikuinua kichwa. Nilipoinua alikuwa amekwenda.

Zamu yangu ikafika, wakaja kulima kwetu. Wote. Niliwatazama kutoka ndani nikiwa nakanyaga cherehani, nikafurahi, maana sijawahi kuona watu wakilima haraka vile. Mstari umenyooka kama upindo. Jua halijakaa sawa, wamemaliza. Nikamwambia mama yako, umeona? Bila kelele kazi inakwenda.

Akasema, "Wamekataa uji."

"Wana haraka."

"Hawana haraka, Baba Kerubo. Hawakuimba. Hakuna aliyemtania mwenzake. Wamekulimia kama vibarua."

Nilisikia, lakini nilikuwa napachika mfuko, na mfuko ukiachwa katikati unapinda.

Baada ya hapo wakati ulipita, sikumbuki kiasi gani, maana ndani ya chumba siku hazina sura. Asubuhi moja nilisikia miguu mingi ikipita nje ya ua, kwenye njia ile inayokwenda barabara kubwa. Miguu ya watu wanaoharakisha, wamebeba kitu. Sauti ya mtu ikasema "badilisha bega." Nikadhani wanapeleka ng'ombe aliyevunjika mguu, au wanapeleka mbao sokoni. Cherehani iko mbali na dirisha hatua chache tu. Sikusimama. Mwanangu, nimesafiri mpaka Jinja kuona maji yakianguka, na hatua zile za kwenda dirishani zikanishinda.

Na siku chache mbele, wakati wa kufungulia ng'ombe, kilio kikaanza kwenye mlima unaotukabili. Unajua kilio cha kwetu, hakihitaji redio. Nikatoka nje nikamkuta mama yako amesimama na mikono kichwani. Nikamuuliza ni nani. Akasema ni Nyakundi.

"Nyakundi? Alikuwa mgonjwa?"

"Tangu kabla ya palizi. Wiki ile walimbeba kwa machela wakampeleka hospitali ya misheni. Jana wakamrudisha."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Hakunifokea. Ningefurahi kama angenifokea. Alisema polepole, kama mtu anayemwelezea mtoto, "Nilikwambia. Nilikwambia mara mbili. Ulikuwa unakanyaga cherehani, ukasema 'mm.'"

Nimefikiri juu ya hiyo "mm" kuliko nilivyofikiri juu ya kitu kingine chochote maishani. Sikumbuki kuisema. Hapo ndipo uchungu ulipo. Kama ningekuwa nimekataa kwenda kumwona kwa hasira, kwa deni, kwa ugomvi wa mpaka, ningeweza kutubu, kuna neno la kuomba. Lakini mtu ataombaje msamaha kwa kitu ambacho hakukisikia akikifanya?

Nilikwenda mazishini nimevaa suti yangu nzuri. Watu walinisalimia vizuri sana. Kwa heshima. Wakanipa kiti, mimi, niliyekuwa nakaa nao chini kwenye nyasi. Baada ya siku za kuomboleza nikarudi peke yangu kumwona mjane wake, Bosibori. Nilikuwa nimepanga maneno, unajua mimi sikosi maneno. Nikamwambia, siku ile mlipopita na machela nyuma ya ua wangu, kwa nini hakuna aliyeniita? Hata kama mnanichukia, bega langu lingefaa.

Bosibori akashangaa kweli. Akasema hakuna aliyekuwa ananichukia. "Wenzako walitaka kukuita pale pale kwenye ua, walikuwa wamechoka. Yeye mwenyewe akawakataza. Alisema, mwacheni fundi, ana kazi."

Kerubo, hapa nimeiweka kalamu chini mara mbili.

Aliniheshimu. Walikuwa wananiheshimu wote. Mtu yule aliyekuwa akinitukana kutoka ng'ambo ya mto mpaka mbwa wanaitika, alilala kwenye machela akipita nyuma ya nyumba yangu, na akanihurumia kwa sababu nina sare za watu. Matusi yake yalikuwa urafiki. Ile heshima ndiyo ilikuwa kaburi, na nililichimba mimi, kwa mlango uliofungwa.

Utaniuliza nilifanya nini baada ya hapo, maana unajua mimi si mtu wa kukaa nikalia. Nilitoa cherehani chumbani nikaiweka hapa kwenye veranda. Wewe ulidhani ni kwa ajili ya mwanga, na nikakuacha udhani hivyo. Nilikata ua upande wa njia, mama yako akagomba kwamba mbuzi wataingia, na kweli wameingia. Kazi ya vifungo na upindo, kazi ya mkono tu, nikaanza kwenda nayo kwa watu, nakaa kwa mtu mpaka jioni nashona huku ananiudhi. Siku ya soko naipeleka mashine Nyamache ingawa nusu ya siku inapotea kwa maneno. Na egesangio nilirudi kwa miguu yangu mwenyewe. Siku ya kwanza walinyamaza. Ya pili wakanyamaza. Nililima vibaya makusudi, nikakata mpaka mche wa mwenye shamba, ili mtu apate cha kunisema. Hakuna aliyenisema. Walisema "si kitu, mzee." Ilichukua misimu mingi kabla ya mtu mmoja kunicheka usoni, na siku hiyo nilirudi nyumbani kama niliyepewa ng'ombe.

Lakini nafasi ya Nyakundi haikuzibwa. Na kwa mama yako pia kuna maneno niliyomwitikia "mm" ambayo sitayajua kamwe. Alikuwa ananiambia nini miaka yote ile? Labda mambo ya kuni. Labda mambo makubwa. Nimeona aibu kumuuliza.

Sasa wewe. Sikukatazi chumba chako. Mtu mzima akishalipia mlango hawezi kuambiwa alale kwa watu, na kazi yako inataka utulivu, mashine ya kufuma ikikosa hesabu sweta nzima inafumuka. Tena sitaki uende kwa wale akina mama kwa kunitii mimi. Nenda ukiona inakufaa. Najua wanaongea mno. Yule mnene nimemsikia mara moja tu na nikashika kichwa. Lakini ninakuomba ufikirie jambo moja ukiwa umekaa na mashine yako. Siku utakapoona kwamba watu hawakusumbui tena, usifurahi. Mimi nilifurahi. Mtu akipita mlangoni kwako akapunguza mwendo, halafu akajisemea "ana kazi huyu," akaendelea, toka nje umkimbilie, hata kama una uzi mdomoni. Mwambie amekosea. Mwambie huna kazi. Sema uongo, nakuruhusu, mimi ni baba yako na Mungu atanielewa.

Na jioni nilipopiga paja, lile paja nalirudisha. Nilikupigia makofi kwa kitu kilichonimaliza, mbele ya watu, kwa sababu kilisikika kama ushujaa. Kesho asubuhi wakati wa kufunga mizigo nitafanya mzaha, nitaimba, nitamwambia dereva wa basi kwamba anambeba fundi, binti wa fundi, aangalie anavyokata kona. Usinipime kwa hayo. Nipime kwa karatasi hii.

Ukifika, usinijibu kwamba umefika salama na kazi ni nyingi. Hiyo barua sitaisoma. Niandikie majina mawili ya watu wa huko Nyamira, la mtu aliyekuudhi na la mtu aliyekuchekesha. Sitaki hata habari zao, majina yanatosha. Yakiwa ni jina moja kwa yote mawili, Kerubo, basi nitajua kwamba umempata mtu, na nitalala.

Ni mimi tata yako, fundi, ambaye bado nashona kola vizuri kuliko wote, uliza popote.